Mtoto ameongezeka kilo, mbona wanasema ana hatari ya utapiamlo?

Swali: Mwanangu ana miaka minne. Mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa nefrotiki, na sasa amelazwa tena baada ya kuvimba uso, miguu na tumbo. Kabla ya kuvimba alikuwa na kilo 15.5. Siku tuliyolazwa mizani ilisoma 18.2. Jioni muuguzi alikuja na fomu, akaniuliza maswali machache, akampima mkono kwa utepe, kisha akaandika "hatari kubwa ya utapiamlo". Ni kweli kwa wiki nzima amekuwa akila vijiko viwili vitatu tu anageuza uso, lakini nimeumia, kana kwamba simlishi. Mtoto aliyeongezeka karibu kilo tatu anakuwaje na hatari ya utapiamlo? Halafu daktari anasema tupunguze chumvi na vinywaji, mtaalamu wa lishe anasema ale zaidi, na shangazi yake anasema tumkatie kabisa mayai, nyama na maziwa ili figo zipumzike. Nimsikilize nani?

Jibu: Mama, pole kwa kuuguza. Tuanze na hilo lililokuuma. Fomu ile haimpimi mzazi. Katika wodi zinazoitumia hujazwa kwa kila mtoto anayelazwa, inapowezekana ndani ya saa 24 za kwanza, na anayetafutwa ni mtoto ambaye akiachwa aendelee hivi hivi atatoka hospitali akiwa dhaifu kuliko alivyoingia. Watoto wanaolishwa vizuri sana nyumbani huangukia humo kila siku, na watoto wa figo ni miongoni mwao.

Sasa hizo kilo. Karibu zote ni maji. Kwenye nefrotiki vichujio vya figo huruhusu protini ya damu, hasa albumini, kupotelea kwenye mkojo, na wakati huohuo figo hushikilia chumvi. Chumvi inapobaki mwilini maji hubaki nayo, yanatoka kwenye mishipa na kujaa chini ya ngozi na tumboni. Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Mtoto wako angeweza kubeba lita tatu za maji hayo huku nyama na mafuta ya mwili wake vikipungua, na mizani ingetangaza habari njema.

Chukulia dawa zimefanya kazi, amekojoa vizuri kwa siku kadhaa, uvimbe wote umekwisha, na mizani inasoma 14.6. Hapo ndipo ukweli unaonekana: ukilinganisha na 15.5 za mwanzo amepoteza gramu 900, karibu asilimia 6 ya mwili wake. Upungufu huo haukutokea siku uvimbe ulipokwisha. Ulikuwa ukiendelea chini ya uvimbe, katika wiki ileile aliyokuwa akila vijiko viwili vitatu. Uzito wa mtoto asiye na maji ya ziada huitwa uzito mkavu, na kwa mtoto wa figo huo ndio unaohesabika. Dozi nyingi, mahitaji ya chakula na maendeleo yake hupimwa kwa huo, si kwa 18.2.

Muuguzi aliyempima mkono alijua anachofanya. Uvimbe wa nefrotiki hupenda kukaa machoni asubuhi, na kwenye miguu, tumbo na sehemu za siri kadiri siku inavyokwenda. Mkono wa juu mara nyingi huvimba kidogo, kwa hiyo husema ukweli zaidi kuliko mizani. Ukitaka kuelewa alichofanya, ni hivi: mkono wa kushoto unakunjwa kwenye kiwiko, inatafutwa nusu ya njia kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, panawekwa alama, kisha mkono unaachwa uning'inie umelegea na utepe unazungushwa hapo bila kubana wala kuacha nafasi. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, Shirika la Afya Duniani linatumia mpaka wa milimita 115: chini ya hapo ni utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Lakini mimi siutegemei mpaka peke yake kwa mtoto wa figo. Mtoto aliyevimba mwili mzima, hadi ngozi ya mkono ikibonyezwa inaacha shimo, utepe nao utamdanganya mpimaji. Ninachokipenda zaidi ni vipimo viwili vya mtu yuleyule, kwa utepe uleule, vikipishana wiki. Mkono unaosinyaa wakati mizani inapanda ni taarifa ambayo sihitaji fomu kuielewa.

Kuhusu fomu yenyewe, zipo kadhaa duniani. Sijui wodi yenu inatumia ipi, lakini kwa maelezo yako yaelekea ni STRONGkids, iliyochapishwa 2010 baada ya kujaribiwa katika hospitali 44 za Uholanzi. Ina maswali manne tu. Je, kwa kumtazama tu, mtoto anaonekana amekonda, amepungukiwa mafuta au misuli? Alama 1. Je, ana ugonjwa ulio kwenye orodha ya magonjwa yenye hatari kubwa, au anasubiri upasuaji mkubwa? Alama 2. Je, amekula kidogo siku za karibuni, anatapika au kuharisha sana, anashindwa kula kwa maumivu, au tayari alikuwa amepangiwa lishe maalumu? Alama 1. Je, amepungua uzito wiki au miezi ya karibuni, au kama hajafikisha mwaka, ameshindwa kuongezeka? Alama 1. Sifuri ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya kati, 4 na 5 ni kubwa.

Ugonjwa sugu wa figo umo kwenye orodha ile. Maana yake mtoto wa figo huanza na alama 2 kabla hajatazamwa, na hawezi kamwe kuandikwa "hatari ndogo". Mwanao nefrotiki imemrudia, hiyo ni 2. Wiki nzima ya vijiko viwili vitatu, 1. Kama muuguzi alitazama mabega, mapaja na mikono akaona nyama imepungua chini ya uso ulionona, 1 nyingine. Nne. Swali la uzito huenda aliliacha bila alama kwa sababu maji yalikuwa yameficha jibu, na bado akafika hatari kubwa. Utepe wa mkono haumo katika STRONGkids. Wodi yenu imeuongeza, na nawapongeza.

Fomu nyingine mbili zinazotumika sana, STAMP na PYMS, zote za Uingereza, zinategemea zaidi uzito na urefu. PYMS, kwa mfano, inaanza na uwiano wa uzito kwa urefu. Ni fomu nzuri kwa wodi ya kawaida, lakini kwa mtoto aliyevimba kipengele hicho kitampa alama safi asiyostahili. Wanaozitumia kwa watoto wa figo inabidi waweke uzito mkavu unaokadiriwa, au uzito wa mwisho kabla ya kuvimba. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyotengenezwa mahsusi kwa figo, na sioni hilo kuwa tatizo kubwa. Kazi ya fomu ni kuamsha watu. Tatizo kubwa ni fomu inayojazwa vizuri, ikabanwa kwenye faili, na asubuhi inayofuata hakuna aliyeisoma.

Wewe umeambiwa na mtaalamu wa lishe ale zaidi, kwa hiyo kuna aliyeamka. Lakini ni haki yako kujua kwa nini mtoto wa figo hapendi kula, maana bila kujua hilo "ale zaidi" inakuwa vita ya kijiko na machozi. Kwenye nefrotiki, ukuta wa utumbo nao huvimba. Tumbo lililojaa maji linabana mfuko wa chakula, anashiba kwa vijiko vitatu, wakati mwingine anaharisha. Kwa watoto ambao figo zenyewe zimeshindwa kazi sababu ni nyingine: taka zinazobaki kwenye damu huleta kichefuchefu na kubadilisha ladha ya chakula, mfuko wa chakula unachelewa kumwaga, na asidi inayozidi kwenye damu huufanya mwili uvunje misuli yake wenyewe. Ndiyo maana daktari akitoa dawa ya kupunguza asidi, anatibu lishe pia. Juu ya yote hayo kuna hospitali: dawa chungu, homa, usingizi wa mang'amung'amu, na kukaa bila kula kusubiri kipimo ambacho mara nyingine kinaahirishwa hadi kesho, na kesho anakaa tena bila kula. Hilo la mwisho linaniudhi kuliko yote kwa sababu linazuilika. Ukiambiwa mwanao asile kwa ajili ya kipimo, uliza saa ngapi hasa, na kipimo kikiahirishwa omba chakula chake kiletwe palepale.

Jambo moja naliweka peke yake. Mtoto wa nefrotiki anayekataa chakula huku analalamika tumbo linauma, hasa akiwa na homa, usimbembeleze kula. Mwite daktari saa hiyohiyo. Maji ya tumboni yanaweza kupata maambukizi, na dalili ya kwanza inaweza kuonekana kama deko.

Baada ya wiki kadhaa za prednisoloni, dawa ya steroidi inayotibu nefrotiki, utakutana na kinyume chake. Hamu ya kula itarudi kwa fujo, mashavu yatajaa, kitambi kitatokea, na kila atakayemwona atasema amenawiri. Steroidi huongeza mafuta usoni na tumboni, huku misuli ya mikono na mapaja ikipungua na urefu ukipunguza kasi. Kwa hiyo wakati huo usitazame mashavu. Urefu wake upimwe na kuandikwa kila kliniki. Kwa mtoto aliyedumaa kwa ugonjwa wa figo, uzito wake haulinganishwi na watoto wa umri wake bali na watoto wa urefu wake, la sivyo ataonekana mwembamba kuliko alivyo na kulishwa kupita kiasi.

Utasikia pia albumini ikitajwa, na pengine mtu atakwambia iko chini kwa sababu mtoto hali protini. Kwa mwanao hilo si sahihi. Iko chini kwa sababu inavuja, na itapanda uvujaji ukikoma hata kabla hajaanza kula vizuri. Albumini haifai kupima lishe ya mtoto mwenye nefrotiki.

Kosa linalofanana na hilo, na la hatari zaidi, hutokea mtoto anapofika akiwa amevimba na bado haijajulikana kuwa ana ugonjwa wa figo. Uvimbe wa miguu yote miwili ni dalili ya utapiamlo mkali wa aina ya kwashakoo, kwa hiyo ni rahisi kuuita hivyo. Kijiti cha mkojo hutofautisha kwa dakika chache: kwenye nefrotiki protini inajaa kwenye mkojo. Tofauti hiyo si ya jina tu. Maziwa ya tiba ya utapiamlo mkali yameongezewa potasiamu kwa makusudi, kwa kuwa watoto wale wamepungukiwa nayo, na mtoto ambaye figo zake haziwezi kuitoa anaweza kudhurika moyo.

Tuje kwa shangazi. Ushauri wake una mizizi: kwa miaka mingi wagonjwa wa figo walipunguziwa protini. Lakini mtoto anakua. Kundi la kimataifa la madaktari na wataalamu wa lishe ya figo ya watoto, Pediatric Renal Nutrition Taskforce, katika mapendekezo yake ya 2020 linataka watoto wenye ugonjwa sugu wa figo wapate nishati sawa na watoto wenye afya wa umri wao, na protini ya upande wa juu wa kiwango cha kawaida. Wanaofanyiwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu figo zinaposhindwa, huongezewa protini kidogo kufidia inayopotea. Katika dayalisisi ya tumboni upotevu ni mkubwa zaidi, na ni mkubwa kwa kadiri mtoto alivyo mdogo. Hata figo zinaposimama ghafla, mtoto hanyimwi protini kwa lengo la kuchelewesha dayalisisi.

Kwa mwanao hesabu ni nyepesi. Umri wa miaka 4 hadi 13 kiwango cha kawaida cha protini ni karibu gramu 0.95 kwa kila kilo kwa siku. Tumia uzito wake wa kabla ya kuvimba, 15.5: inakuja karibu gramu 15. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha mililita 250 cha maziwa kama gramu 8. Yai na kikombe, tayari amekaribia kufika. Umeona basi kwamba hahitaji nyama kila mlo, na umeona pia kwamba ukimkatia mayai, nyama na maziwa kwa mpigo atakosa vyanzo vilivyo rahisi kuliko vyote. Upande wa pili nao una mipaka. Kumshindilia protini mara mbili au tatu ya hiyo ili "kujaza" inayovuja hakusaidii, kwa sababu sehemu kubwa ya nyongeza huishia kwenye mkojo. Mwambie shangazi kwa heshima kwamba figo za mtoto huyu zitapumzishwa na dawa. Mayai mtoto aendelee kula.

Daktari na mtaalamu wa lishe, kwa upande wao, hawapingani. Chumvi inapunguzwa kwa sababu ndiyo inayoshikilia maji, na vinywaji vinabanwa kwa muda uvimbe ukiwa mkubwa. Nishati haijapunguzwa na yeyote. Ugumu uko kwenye sahani: chakula kisicho na chumvi hakina ladha kwa mtoto ambaye tayari hataki kula. Punguza chumvi, tumia ndimu, vitunguu na viungo visivyo na chumvi, mpe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na uanze na chakula kizito kabla ya kinywaji, kwa kuwa nafasi tumboni ni ndogo na mililita zake zimehesabiwa. Kijiko cha mafuta kikichanganywa kwenye chakula laini huongeza nishati bila kuongeza maji wala chumvi.

Kuhusu potasiamu na fosforasi, uliza swali moja tu: "Kipimo cha damu cha leo kinasemaje?" Kama viwango viko sawa, hakuna sababu ya kumwondolea matunda na maziwa kwa kuwa tu yupo wodi ya figo. Nimekutana na orodha za makatazo zilizobandikwa ukutani, zilizoandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliye kwenye dayalisisi, zikifuatwa na mama wa mtoto ambaye figo zake zilikuwa zikitoa potasiamu bila shida yoyote. Kila kinachokatazwa kiwe na namba nyuma yake, na kila kinachoondolewa kiwe na mbadala wake. Mtaalamu wa lishe akikupa orodha ya makatazo bila orodha ya vinavyoruhusiwa, kazi yake haijaisha.

Watoto wachanga wenye figo mbovu za kuzaliwa ni habari tofauti kidogo, na naitaja kwa wazazi wengine watakaosoma. Wengi wao hawavimbi, hukojoa sana, na hupoteza chumvi. Wao hawanyimwi chumvi ovyo. Mara nyingi huongezewa, kwani bila hiyo hawakui. Hujaza tumbo maji na kukosa nafasi ya maziwa, na hutapika. Kufikia miaka miwili mtoto huwa amefikia karibu nusu ya urefu atakaokuwa nao utu uzimani, na ukuaji wa miezi ile ya mwanzo unategemea chakula kuliko kitu kingine, kwa hiyo kwao mrija wa kulishia kupitia puani haupaswi kusubiri hadi wakonde. Mzazi anayekubali mrija mapema hajashindwa kulisha.

Kwako, baada ya fomu ile kinachotakiwa kufuata ni tathmini kamili: urefu, makadirio ya uzito mkavu, historia ya alichokula kweli, vipimo vya damu, kisha mpango ulioandikwa wa kiasi anachotakiwa kupata kwa siku na nini kitafanyika asipokifikia kwa siku kadhaa. Usaidizi wako mkubwa ni daftari. Andika alichokula, si alichopakuliwa. "Nusu yai, vijiko vinne vya wali, akatapika saa mbili usiku" inamsaidia daktari kuliko "anakula kidogo". Mizani iwe ileile, asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, bila nguo nzito. Uchunguzi ule wa alama urudiwe kila wiki akiwa bado amelazwa, kwa sababu alama ya siku ya kwanza haijui yaliyotokea siku ya saba.

Uvimbe ukianza kutoka utaona kilo zikishuka kwa kasi na utaogopa. Zikishuka huku anakojoa vizuri, anacheza na anakula, ni maji yanayoondoka. Zikishuka huku amelegea, mikono na miguu ni ya baridi, anatapika au hakojoi, ita watu wa wodi mara moja. Na siku mtakaporuhusiwa, usiondoke bila uzito mkavu, urefu na mzunguko wa mkono vikiwa vimeandikwa kwenye kadi yake pamoja na tarehe. Nefrotiki ina tabia ya kurudi, na muuguzi atakayempokea safari ijayo atahitaji namba hizo kabla hata ya kumpandisha kwenye mizani.